Mpimaji na Peni ya Sitini na Tisa

Hakuna Mswahili aliyesafirisha mzigo kutoka Sanyuanli asigombane na Mpimaji, na hakuna aliyegombana naye asirudi kesho yake kumwamkia. Mimi nimegombana naye kuliko wote, na najivunia. Jina lake analo, zuri tu, la chuoni, lakini hapa Guangzhou hatukulitumia. Hata Wachina wa ghalani walimwita Mpimaji, wakilitamka wanavyojua wenyewe, naye akiitika. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, mniachie, hayo yana wenyewe. Mimi nataka kusema habari za mzee mrefu mwembamba, futi ya kupimia shingoni, kofia ya viua kichwani, ambaye aliwafanya watu wazima wenye makontena yao wahangaike na peni moja ya Kiingereza mpaka wakasahau kilichowaleta Uchina.

Kazi yake ilikuwa ofisi ya kago, ghorofa ya chini, nyuma ya jengo la mikoba. Asiyejua biashara hii aelewe jambo moja tu: mzigo wa meli hulipiwa kwa nafasi. Urefu, mara upana, mara kimo, unapata sibiemu, yaani meta za ujazo. Basi kila sentimita ni vita. Sisi wanawake wa jinzi tulikuwa na ufundi wetu. Tukitoka Xintang, kwenye viwanda vya jinzi, na mzigo, tunalipanda robota watu watatu, tunaliruka, tunalikalia, tunalifunga tepu ya njano likiwa limebanwa bado, halafu tunapaza sauti: "Mzee, njoo upime!" Yeye anakuja, anaamkiwa, anaitikia, anavuta kiti, anaagiza chai. Anakunywa taratibu. Anauliza habari za watoto mmoja mmoja. Robota nalo pale chini linaanza kuvimba, tepu inalia, pembe zinatokeza.

"Jinzi za Xintang zina pumzi, mwanangu," ananiambia. "Naisubiri."

Kisha anapima. Usemi wake ulikuwa mmoja: "Futi haina mjomba." Ungelia, ungemtajia Mungu, ungemkumbusha pilau uliyompelekea siku ya Idi. Futi haina mjomba. Nilimchukia kweli kweli kwa kama dakika kumi, kila mwezi, kwa miaka kumi na miwili.

Lakini hakuna siku niliyocheka Guangzhou kama siku ya Mama Viatu. Huyu ni mama wa Nairobi, mnunuzi wa viatu, mwenye sauti ya kuvukia barabara. Alisimama katikati ya ofisi mkono kiunoni.

"Mzae, hiyo tape yako imeshrink! Si kila kitu inasoma kubwa? Mi siwezi lipa hiyo CBM, apana. Wacha kunibeba ufala!"

Hakuna aliyewahi kuitukana futi. Mpimaji hakukasirika. Alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa sarafu moja ya rangi ya kahawa iliyokolea, akailaza juu ya futi penye alama ya kwanza.

"Hii ni nusu peni ya Bibi Viktoria," akasema. "Upana wake ni inchi moja. Si inchi kasoro, si inchi na kidogo. Waliikata hivyo makusudi. Sogea utazame mwenyewe, mama. Ikipungua hata unywele, mzigo wako nausafirisha kwa mfuko wangu."

Mama Viatu akainama. Sisi sote tukainama naye, vichwa vikagongana. Inchi moja kamili. Kumbe kwa miaka yote ile, kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, mzee alikuwa akiihakiki futi yake kwa malkia wa Uingereza! Mama Viatu alilipa. Tangu siku hiyo akawa shabiki wake mkubwa, na nitawaambia alivyomsaidia.

Sarafu zenyewe zilikaa kwenye kopo la keki za mbalamwezi, zile za sikukuu ya Wachina, kopo jekundu lenye sungura kwenye kifuniko. Ndani alikata kadi za maboksi ya viatu akatengeneza vijumba thelathini na vitano, safu tano za saba saba. Kila kijumba peni moja, kila peni mwaka wake, kuanzia elfu moja mia nane na sitini hadi tisini na nne. Hizo ndizo peni ambazo Bibi amefunga nywele fundo kisogoni. Nyingine, shilingi na vipande vya fedha, zilikaa kwenye mfuko wa nailoni na hazikuwa na heshima sawa. Alizitoa pale tu alipotaka kutufundisha maisha ya Bibi, na somo hilo tulilijua kwa moyo.

"Hapa bado msichana," angesema, akishika sarafu pembeni kwa kucha. Hakuruhusu kidole kigusie uso wake hata kidogo. "Hapa ameshakuwa mama wa watoto. Hapa wamemvisha taji la sherehe, lakini mtengeneza sarafu alikuwa na chuki naye. Tazama, limekaa utosini kama kikombe cha kahawa! Na hapa amevaa ushungi, mumewe amekufa. Alikaa eda miaka arobaini! Kwetu ni miezi minne na siku kumi, mtu akaoga akaendelea na safari."

Wanawake tulikuwa tunacheka mpaka tunashikana. Hapo mtu mmoja, mara nyingi mgeni, angeuliza lile swali: "Mzee, kwani huyu si ndiye aliyetutawala?" Maana Mpimaji huyohuyo, siku za Ijumaa baada ya sala, hakuna aliyemshinda kwa kuwasema Waingereza. Kodi ya kichwa alikuwa akiieleza kana kwamba ameilipa jana.

"Ndiye," anajibu. "Alitutawala asituone hata siku moja. Mimi namwona kila siku, na nikimaliza namfungia kwenye kopo la keki. Sasa hapo nani anamtawala mwenzake?"

Mama Viatu na ule msaada wake: Guangzhou ina majira ya mwanzoni mwa mwaka ambapo unyevu unatoka ukutani wenyewe. Sakafu inateleza, nguo hazikauki wiki nzima, na shaba inaota kijani. Mpimaji akawa hapati usingizi kwa ajili ya peni zake. Ndipo Mama Viatu akakumbuka vile vipakiti vidogo vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi la kiatu, ambavyo sote tunavitupa. Akamletea mfuko mzima. Habari zikaenea, ikawa ndiyo desturi ya ofisi: ukiingia kwa Mpimaji unatoa salamu, unaweka mezani vipakiti viwili vitatu, halafu ndiyo mzigo. Wengine walifikiri ni rushwa, wakaleta vingi zaidi. Hawakupunguziwa hata sentimita.

Alivyoanza kukusanya, sijui. Namaanisha najua mara tatu. Mimi aliniambia peni ya kwanza aliikuta mfukoni mwa koti la mitumba. Mume wangu alimwambia alirudishiwa chenji Hong Kong alipokwenda kutengeneza viza. Mama Viatu alimwambia bibi yake mzaa mama alikuwa nayo kidani, imetobolewa. Nilipomkutanisha na hadithi zake zote tatu, alikunywa chai yake akasema: "Zote ni kweli, ila si zote za siku moja."

Ndivyo alivyokuwa. Mtu wa milimita, lakini akikwambia saa nne asubuhi, usioge kabla ya saa sita. Alikaa Uchina miaka zaidi ya ishirini na kila asubuhi alikwenda kwa mpishi yuleyule wa uji wa wali, akatia sukari vijiko vitatu, na kila asubuhi mpishi yule, bibi wa Kikantoni, akamgombeza kwa sababu uji ule ni wa chumvi. Hawakukosana hata siku moja. Bibi alikuwa akimwekea bakuli la sukari pembeni, halafu anamgombeza.

Na ile futi isiyo na mjomba? Niliiona siku moja ikiwa na mjomba. Mama mmoja wa Dar alifiwa na mumewe hapahapa, akawa anarudisha nguo zake nyumbani, marobota mawili. Mpimaji aliyapima kwa makini sana, akaandika, akamkabidhi karatasi. Nilichungulia. Palikuwa na sifuri. Nilipomuuliza akaniambia macho yangu yameanza kuharibika, nikamwone daktari.

Sasa nifike kwenye Sitini na Tisa.

Vijumba thelathini na vitano, nimesema. Peni zilikuwa thelathini na nne. Kijumba cha mwaka elfu moja mia nane sitini na tisa kilikuwa kitupu, na mzee alikifunika kwa kipande cha pamba kama mtu anayefunika jino lililong'oka. Mwaka huo zilitengenezwa chache, alitueleza, na zilizobaki zimechakaa au zina wenyewe. Kwa miaka alikuwa akiitafuta kwenye soko la vitu vya kale la Liwan, kila Jumapili, akiwa na sumaku, mizani ya mfukoni na sandwichi ya yai.

Mkewe alikuwa Tanga. Kila siku baada ya alasiri mzee alimpigia kwa video, akiiegemeza simu kwenye mizani ya marobota, kiasi kwamba sisi sote tulimjua mama yule na tulikuwa tunamwamkia kwa zamu huku tunapimiwa. Alikuwa na uso mpana wa bashasha na ulimi wa kisu.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba wanangu. Huyo mke mwenzangu mwenye taji hajambo? Mwambieni nimemshinda kitu kimoja, mimi bado napumua!"

Mwaka mmoja kwenye futari, kwenye mkahawa wetu, mezani watu zaidi ya ishirini na mama yupo kwenye simu katikati ya sambusa, akamuuliza mumewe mbele yetu sote: unarudi lini? Si kusalimia. Kurudi. Mpimaji alikohoa, akatazama huku na huku, mwisho akainua kidole.

"Nikiipata Sitini na Tisa, nafunga futi. Tiketi siku hiyohiyo."

"Mmesikia?" mama akasema kutoka kwenye sambusa. "Nyote ni mashahidi."

Basi hapo ndipo wazimu ulipoanza! Watu wenye akili zao walianza kuwapigia jamaa zao London usiku wa manane. Mkongomani mmoja alileta sarafu ya Kifaransa akisema mfalme ni mfalme. Mwana wa Mombasa alileta medali ya mashindano ya kuogelea. Mama Viatu, Mungu amweke, aliingia ofisini akipiga vigelegele, akaibwaga mezani sarafu: "Mzae, pack! Nimeipata! Ona hapo, sixty-nine!" Ilikuwa shilingi ya Kenya, ya mwaka elfu moja mia tisa sitini na tisa. Mpimaji aliishika pembeni, kwa heshima ileile, akaigeuza.

"Mama," akamwambia, "umekosea karne moja tu."

Tukacheka, yeye akacheka, na kijumba kikabaki kitupu. Miaka ikaenda. Tulishazoea. Sitini na Tisa ikawa msemo wetu: mtu akikukopa akakwambia atalipa, unamuuliza, lini, ikipatikana Sitini na Tisa?

Mwaka jana mama akanipigia mimi. Si kupitia ofisini, kwenye namba yangu. Hakutania, na hilo peke yake lilinitisha.

"Mwanangu, mimi habari ya sarafu siijui. Najua magoti yangu yanauma na nyumba ina vyumba vinne. Wewe unatembea huko masokoni. Mtafutie hiyo peni. Nataka mume wangu nimwone akiwa na miguu, simwoni ila kichwa na kifua miaka yote hii."

Nilimwahidi. Nililia baada ya kukata simu, nikajilaumu kwa kucheka kwetu kote.

Jumapili iliyofuata nikapita soko la nguo la Shisanhang alfajiri kuchukua nguo za watoto, nikamaliza mapema, nikaenda kwenye lile soko la vitu vya kale. Nilimjua muuza sarafu wa pale, mama mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja utosini. Nikampa mtihani kwa Kichina changu cha sokoni: peni, ya Kiingereza, bibi mwenye fundo la nywele, mwaka huu. Nikamwandikia tarakimu kwenye kikokotoo.

Hakutafuta. Alivuta droo, akatoa kibahasha, akakiweka mbele yangu.

Nilidhani naota. 1869. Nyeusi tii, imelika kidogo, lakini tarakimu zote nne zinasomeka. Nikaishika pembeni kama nilivyofundishwa. Nikaipima kwa mizani yake: gramu tisa na vichembe, uzito wake. Sumaku yake haikuishika.

"Kwa nini hukumwonyesha rafiki yangu, yule mzee mrefu?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa miwani yote miwili. "Nimemwonyesha. Mwaka juzi. Mwaka jana. Mwaka huu tena. Anaishika, anaitazama sana, anarudisha. Anasema *jia de*, bandia. Mimi nauza bandia?" Mbele yake palikuwa na saa za dhahabu za bei ya kikombe cha chai, lakini tusimvunjie heshima. "Mara ya mwisho nikampunguzia mpaka nusu. Akasema *buyao*, sitaki. Akanunua kikombe."

Nilisimama pale watu wananipiga vikumbo. Mara tatu! Sisi tunawaamsha watu London, yeye ameishika mkononi mara tatu! Kwanza nilikasirika, nikataka nirudi Sanyuanli nikamuumbue mbele ya marobota yote. Kisha nikamwona, yaani kwa akili tu, amesimama mbele ya kibanda kile na Sitini na Tisa kwenye kucha zake, anaitazama sana. Hasira ikaniishia. Mtu mzima haumbuliwi, husitiriwa. Nikaamua nitainunua, nitampelekea kama zawadi niliyoiokota kwa bahati, na habari ya mara tatu sitaitaja mpaka naingia kaburini. Akishapewa na mkono wa mtoto wake atasemaje tena ni bandia? Bei sitaitaja, mume wangu anasoma.

Nikafika nyumbani nimefurahi, nacheza peke yangu kwenye lifti. Na sasa nisikilizeni ujinga wangu. Nilifikiri hivi: huyu mzee hapendi kidole kiguse sarafu. Kwa nini? Kwa sababu anachukia uchafu. Je, zawadi ya mtu anayechukia uchafu unaipeleka nyeusi vile? Mimi nimelelewa pwani, nyumba yenye sinia na mabirika ya shaba, na najua shaba inavyosafishwa. Nilikuwa na ukwaju kabatini, wa duka la Waafrika. Nikaloweka peni ya watu kwenye ukwaju na chumvi, nikachukua mswaki, nikasugua. Nikasuuza, nikaloweka tena, nikasugua tena. Weusi wote ukatoka! Bibi akajitokeza anang'aa, mashavu mekundu, kila unywele wa fundo lake unahesabika. Nikamwita mume wangu.

"Imekuwa mpya," akasema.

"Ndiyo maana yake!" nikamjibu, nikaifunga kwenye kipande cha kanga.

Nilikwenda kwa Mpimaji saa sita na nusu mchana siku ya pili, wakati wenzake wote wamekwenda kula, kwa sababu sikutaka abanwe mbele ya watu. Alikuwa peke yake na kopo lake, anabadilisha vipakiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo huna robota?"

"Leo nina hiki." Nikaweka kanga mezani.

Akaifungua. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, lakini si kwa kelele aliyoipiga.

"Yarabi! Umemfanya nini Bibi?"

"Nimemsafisha, mzee!"

"Umemsafisha!" Akasimama, akakaa, akasimama. "Umemchuna ngozi! Ule weusi ndio umri wake. Miaka mia na hamsini na ushei, mwanangu, umeitoa kwa nini, kwa mswaki?"

"Ndiyo, kwa mswaki," nikasema.

"Hakuna mkusanyaji duniani atakayeigusa sasa. Yule mama wa sokoni ukimrudishia atakutupia nayo."

Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Peni haikuwa na shida tena, shida ilikuwa mlango. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu na ukwaju wangu, nilikuwa nimemfungulia mlango wa kutokea. Safari hii hakuhitaji hata kusema ni bandia. Angeweza kusema imeharibika, haihesabiki, tuendelee kutafuta, na angekuwa na haki mbele ya mashahidi wote. Mama angebaki Tanga anatazama kichwa na kifua. Nikaanza kulia, bila aibu, kama mtu aliyepotelewa na kontena.

Mpimaji hakunitazama. Alikuwa ameinua ile peni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa ameishika kwa kiganja kizima. Akaisogeza puani.

"Ukwaju," akasema.

"Na chumvi."

"Majivu hukutia?"

"Ningepata wapi majivu Guangzhou, mzee?"

"Mama yako wa Tanga hutia majivu." Akanusa tena. "Siku ya kuamkia Idi anatoa shaba zote uani, anakaa kwenye kigoda, anasugua tangu asubuhi. Nyumba nzima inanuka hivi. Mikono yake inanuka hivi siku mbili." Akaigeuza peni kiganjani. "Nilikuwa nimesahau. Niliyakumbuka yote, hili nilikuwa nimelisahau."

Feni ilikuwa inazunguka, vipakiti vinatikisika mezani. Akakaa.

"Uliinunua kwa yule mama wa miwani miwili?"

"Niliiokota tu kwa bahati, mzee."

"Mwanangu." Sasa alinitazama. "Mimi nilikuwa nikiishika hii. Mara tatu. Nikirudi hapa nasema sijaipata."

Nilitazama sungura wa kwenye kopo.

"Naogopa," akasema. "Hapa nikivuta futi watu wenye makontena wananyamaza. Kule nitampima nani? Nitakuwa mzee wa kuletewa chai barazani. Na yeye amezoea uso wa kwenye simu, uso huu naupanga kabla sijampigia. Nikitokea mzimamzima, na kikohozi changu na miguu yangu, itakuwaje?"

"Mzee," nikamwambia, "alipokubali kuolewa na wewe hukuwa hata na futi."

Alicheka. Alicheka kwanza kwa pua, halafu kwa mabega, halafu kofia ikamtoka kichwani, nami nikacheka huku machozi hayajakauka. Akaondoa ile pamba kijumbani, akaiweka Sitini na Tisa mahali pake. Zile thelathini na nne zote nyeusi na hudhurungi, na katikati yao hii moja inawaka kama sufuria mpya dirishani. Mkusanyaji wa kweli angezimia. Yeye aliitazama kwa muda, akafunga kopo, akavua futi shingoni akaiviringa.

Kisha akachukua simu. Haikuwa alasiri, haikuwa saa yao ya kuongea. Kule Tanga ilikuwa asubuhi. Hakuwasha video, wala hakujipanga uso.

"Kuna nini?" sauti ya mama ikatoka, imeingia wasiwasi. "Unaumwa?"

"Siumwi. Nimeipata."

Nilisikia vyombo vikiwekwa chini, kimoja, kingine.

"Umesikia, mke wangu? Sitini na Tisa. Nimeipata leo."

"Nimesikia," mama akasema, polepole. "Sikukuuliza umeipata lini. Nakuuliza unakuja lini."

Mpimaji alifumba macho.

"Ijumaa," akasema.

"Ijumaa ipi?"

"Hii. Hii inayokuja."

Nilichukua mkoba wangu nikatoka, maana yaliyobaki yalikuwa ya mtu na mkewe. Nilipofika nje, kicheko na kilio vilinishika pamoja, nikaegemea ukuta, mpaka mlinzi wa jengo akanijia na kiti chake na kuniuliza kwa huruma kama leo mzee amenipimia vibaya.